Kihisi cha Unyevu Kinasema 27, Je ni Kweli? Jinsi ya Kupata Vipimo Sahihi Shambani Kwako

Leo tuongee kuhusu vihisi vya unyevu wa udongo, vile ambavyo wengi wenu mnaviita sensa. Miaka ya karibuni vijana wengi ninaowatembelea wameanza kuvitumia kwenye umwagiliaji wa matone. Ni jambo zuri. Ila ninaona kosa moja linajirudia shamba hadi shamba: mtu ananunua kifaa, anakichomeka, namba inatokea kwenye simu, na kuanzia hapo namba ile inageuka kuwa sheria. Hakuna anayeuliza kama ni ya kweli.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana mimi ndiye niliyelifanya kwanza.

Msimu mmoja wa kiangazi, binti mmoja anayelima nyanya kwenye miteremko ya Mlima Meru, huku Arumeru, aliniita nimsaidie kupanga umwagiliaji. Alikuwa na nusu ekari, mipira ya dripu, pampu, na kihisi kipya alichokinunua kwa mkopo wa kikundi. Nikafungua kijitabu cha kile kifaa, nikaangalia jedwali la udongo tifutifu, nikamwambia, "Mdogo wangu, weka pampu iwake kila unyevu ukishuka chini ya asilimia 30." Nikaaga nikaondoka.

Baada ya wiki tatu simu ikalia. "Shikamoo bwana shamba. Nyanya zangu zinalala mchana, na majani ya chini yanageuka njano. Kihisi kinasema 27. Nimwagilie mara mbili kwa siku?"

Namshukuru Mungu sikujibu kwenye simu. Nilipofika nilichimba pembeni ya mche kwa jembe dogo. Udongo ulikuwa umelowa hadi unang'aa, mizizi imekuwa ya kahawia. Nikakata shina la mche uliolala, nikalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache ukatoka ute mweupe kama uzi wa maziwa. Huo ni mnyauko bakteria, ugonjwa unaofurahia udongo wenye maji mengi. Tuling'oa karibu theluthi ya miche. Kihisi kilikuwa bado kinasema 27, na pampu bado inawaka kila alfajiri.

Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mkulima afuate namba ya kihisi kabla hatujakipima kwenye udongo wake. Haya ninayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza kwenye shamba lile.

Kihisi hakioni maji

Jambo la kwanza la kuelewa: kihisi hakipimi maji moja kwa moja. Vihisi vingi vya kisasa vinatuma umeme mdogo kwenye udongo na kuangalia jinsi udongo unavyoupokea. Kuna kipimo cha uwezo wa kitu kushika nguvu ya umeme. Kwa hewa kipimo hicho ni 1, kwa chembe za udongo mkavu ni kama 3 hadi 5, na kwa maji ni kama 80. Kwa kuwa maji yamezidi vingine kwa mbali sana, kifaa kikiona namba imepanda kinahitimisha kwamba maji yameongezeka. Halafu kinatumia hesabu iliyowekwa kiwandani kuigeuza ile namba ya umeme kuwa asilimia ya maji.

Tatizo liko kwenye ile hesabu. Mwaka 1980 watafiti wa Kanada, Topp na wenzake, walitoa hesabu ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa vifaa vingi. Inafanya kazi vizuri kwenye udongo wa kawaida wenye madini. Lakini udongo wetu wa majivu ya volkano siyo huo. Ni mwepesi, una matundu mengi madogo na mboji nyingi, na hushika maji kwa namna yake. Kwenye udongo wa aina hii hesabu ya kawaida husema maji ni machache kuliko yaliyopo.

Kwenye mfinyanzi mweusi wa mbuga shida ni nyingine, na kwenye udongo wenye chumvi au magadi ni nyingine tena. Ndiyo maana kifaa kilekile kinaweza kusema kweli kwa jirani na kudanganya kwako.

Vile vya bei ndogo kabisa vyenye vijiti viwili vya chuma vilivyo wazi hupima tu jinsi umeme unavyopita kati ya vijiti. Ukiweka mbolea, umeme unapita zaidi, na kifaa kinadhani umemwagilia. Vijiti vyenyewe huliwa na kutu ndani ya miezi michache. Kwa biashara, hivyo viache.

Kosa dogo lina gharama gani?

Kijana mmoja aliniuliza, "Sasa bwana shamba, tofauti ya 10 tu itaniumiza nini?" Tupige hesabu.

Kwenye kina cha sentimita 30 cha mizizi, kila asilimia 1 ya unyevu ni milimita 3 za maji, yaani lita 3 kwa kila mita mraba. Kosa la asilimia 10 ni lita 30 kwa kila mita mraba. Nusu ekari ina kama mita mraba 2,000. Tuseme dripu inalowesha nusu ya eneo hilo, mita mraba 1,000. Hapo unazungumzia lita 30,000, sawa na matanki sita ya lita 5,000. Kihisi kikikosea kwenda chini, unamwaga maji hayo yote bila sababu, unachoma mafuta ya pampu, na unasukuma mbolea uliyoinunua chini ya mizizi. Kikikosea kwenda juu, mmea unakaa na njaa ya maji ukiamini umeshiba.

Kwa hiyo siyo "tu".

Hatua ya 1: Vipime vyote kwenye ndoo moja

Kabla hujachimba shimo lolote, fanya jaribio hili nyumbani. Chukua ndoo, ijaze udongo wa shamba lako uliochekechwa na kuloweshwa sawasawa, ushindilie kiasi. Kama una vihisi vinne, vichomeke vyote humo kimoja baada ya kingine, sehemu ileile ya katikati ya ndoo, ukifukia tundu la kwanza kabla ya kuchomeka cha pili. Andika namba ya kila kimoja.

Vikitofautiana kwa 1 au 2, endelea. Kimoja kikiwa mbali na wenzake, usikitupe, ila kiandike jina kwa rangi na ukumbuke tofauti yake. Nimeona vihisi vilivyotoka kwenye boksi moja vikipishana vya kutosha kumchanganya mkulima akadhani upande mmoja wa shamba una tatizo la maji.

Kama unatumia zile bodi ndogo nyembamba za bei nafuu, angalia mambo mawili. Kwanza, kingo za ubao huwa hazijazibwa na maji huingia taratibu. Pakaa rangi ya kucha tabaka mbili au tatu kwenye kingo, na ufunike sehemu ya juu yenye vifaa vya umeme kwa gundi ngumu isiyopitisha maji. Pili, umeme unaolishwa lazima usiyumbe. Kifaa kilichopimwa kikiwa na betri iliyojaa hutoa namba tofauti betri inapochoka.

Hatua ya 2: Kichomeke bila kuacha hewa

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Nyenzo nyingi husikia zaidi udongo uliogusana nazo, sentimita chache tu kuzunguka vijiti. Ukiacha upenyo wa hewa hapo, kihisi kinapima hewa, na hewa kwake ni ukavu. Halafu ukimwagilia, upenyo uleule unajaa maji na namba inaruka juu ghafla, kisha inaanguka haraka. Ukiona mchoro wa kwenye simu unapanda na kushuka kama mlingoti, shuku upenyo.

Kwenye shamba la yule binti, tulipokitoa kihisi tulikuta tundu wazi upande mmoja. Fundi alikuwa amekichomeka, kikagonga jiwe, akakitikisa kushoto na kulia hadi kikaingia. Kule kutikisa ndiko kulikoacha nafasi.

Fanya hivi:

1. Chimba shimo dogo hadi kina unachotaka. Udongo wa juu uweke pembeni peke yake, na wa chini peke yake.
2. Lainisha ukuta wa shimo kwa kisu, upande ambao haujakanyagwa wala kuguswa na jembe. Ondoa mawe na mizizi minene.
3. Chomeka vijiti kwa mlalo kwenye ukuta huo, kwa kusukuma moja kwa moja. Usikitikise kihisi. Kikigoma, toa, sogea sentimita chache, anza upya.
4. Kama ni kihisi cha mviringo kinachosimama kwenye tundu, toboa tundu la unene uleule, tengeneza uji mzito wa udongo uliotoka kwenye tundu hilohilo, mimina kidogo, kisha ukizamishe ili uji ujaze pembeni zote.
5. Rudisha udongo kwa mpangilio wake, wa chini chini na wa juu juu, ukishindilia kidogo kidogo kama ulivyokuwa mwanzo. Ukiuacha umelegea, maji yatakimbilia hapo na kihisi kitapima shimo lako, siyo shamba lako.
6. Waya uupitishe kwenye mfereji mdogo na uuzungushe chini kidogo kabla haujafika kwenye kihisi, ili maji yasitelezee juu ya waya hadi kwenye kifaa. Uzike vizuri, panya na majembe hawana huruma.

Baada ya hapo usiamini namba za siku za kwanza. Mwagilia mara kadhaa, acha udongo ujishike kwa wiki moja hadi mbili, ndipo uanze kusoma.

Kwa wenye udongo mweusi wa mbuga: udongo huu ukikauka unapasuka na kuachana na kihisi. Ukiona namba imeanguka ghafla bila sababu, kachungulie kama kuna ufa. Usisubiri ukauke hadi kupasuka.

Hatua ya 3: Mahali pa kukiweka

Kihisi kizuri kikiwekwa mahali pabaya ni sawa na kumuuliza mtu wa kijiji kingine habari za kwako. Usikiweke chini kabisa ya tundu la dripu, hapo siku zote ni matope. Usikiweke katikati ya matuta, hapo siku zote ni pakavu. Kwa nyanya na hoho mimi huweka sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye tundu la dripu, ndani ya eneo la mizizi, karibu na mmea wenye afya ya wastani.

Weka viwili kwa kila kituo: kimoja kina cha sentimita 15 hadi 20, kingine sentimita 40. Cha juu kinakuambia lini umwagilie. Cha chini kinakuambia kama umezidisha: kikipanda kila unapomwagilia, maji yanapita mizizi yanakwenda zake. Yule binti angekuwa na cha chini, tungejua wiki ya kwanza.

Kama shamba lina udongo wa aina mbili, mteremko na bonde, weka kituo kila upande. Usitoe wastani wa udongo tofauti.

Hatua ya 4: Kipime kwa mzani

Hii ndiyo hatua wengi wanairuka, na ndiyo inayotenganisha namba ya kubahatisha na namba ya biashara. Duniani kote kipimo cha uhakika cha maji ya udongo ni kilekile cha zamani: pima udongo ukiwa mbichi, ukaushe, pima tena. Kilichopungua ni maji.

Unahitaji kipande cha bomba gumu kilichonolewa ukingo kwa tupa, mzani wa jikoni wa dijitali unaosoma gramu 1, mifuko ya nailoni, na oveni.

Bomba letu lilikuwa na upana wa ndani wa sentimita 5 na urefu wa sentimita 10. Ujazo wake ni 3.14 × 2.5 × 2.5 × 10, sawa na sentimita za ujazo 196. Pima lako kwa rula usikisie.

Chimba hadi kina cha kihisi, mbali nacho kama sentimita 15, umbali uleule kutoka kwenye dripu. Weka ubao juu ya bomba, ligonge taratibu kwa nyundo lizame lote, lichimbue, kata udongo uliozidi pande zote mbili kwa kisu. Mwaga udongo wote kwenye mfuko, funga hapohapo, na uandike namba ambayo kihisi kilikuwa kinasoma dakika hiyo. Chukua sampuli tatu, utoe wastani, maana moja inaweza kuwa na jiwe.

Nyumbani, pima uzito bila mfuko, kisha kausha. Maabara wanatumia nyuzi 105 kwa saa 24. Kwa oveni ya nyumbani tandaza udongo kwenye sinia, weka moto mdogo uliozidi nyuzi 100 kidogo, na uendelee kupima kila baada ya saa moja hadi uzito usishuke tena. Usiishie kuanika juani. Udongo ulioanikwa huonekana mkavu lakini bado umeshika maji, hasa mfinyanzi na wa volkano. Na ukinusa moshi, umezidisha moto: mboji inaungua na hesabu imeharibika. Kama huna oveni, ongea na shule ya sekondari yenye maabara au afisa ugani wako. Wanaotaka kazi kamili ya maabara wapo SUA Morogoro na TARI Mlingano, Tanga.

Sampuli yetu ya kwanza ilikuwa hivi:

- Udongo mbichi: gramu 256
- Udongo mkavu: gramu 176
- Maji: gramu 80, ambazo ni sentimita za ujazo 80
- Unyevu: 80 ÷ 196 = 0.41, yaani asilimia 41

Kihisi kilisema 27. Ukweli ulikuwa 41. Sote wawili tulikaa kimya kidogo.

Angalia na hili: gramu 176 kwa ujazo wa 196 ni 0.9. Udongo wa kawaida wa shamba huwa kati ya 1.2 na 1.5. Wepesi huo ulitosha kutuambia kwamba huu ni udongo wa volkano na hesabu ya kiwandani haitufai.

Tulikitoa kihisi, tukakichomeka upya kwa utaratibu nilioueleza hapo juu, hatua moja pembeni ambako udongo ulikuwa umelowa vilevile. Kikasoma 31. Kwa hiyo katika kosa la 14, upenyo wa hewa ulichangia 4 na udongo wenyewe 10.

Hatua ya 5: Tengeneza hesabu yako mwenyewe

Kipimo kimoja hakitoshi. Unahitaji angalau vitatu: udongo ukiwa umelowa, ukiwa wa kati, na ukiwa umekauka kiasi mmea unaweza kuvumilia. Ukipata vitano ni bora zaidi. Kila mara soma kihisi na uchukue sampuli. Sisi tulipata hivi:

- Kihisi 18, mzani 25
- Kihisi 27, mzani 36
- Kihisi 33, mzani 43

Chora kwenye karatasi ya miraba, kihisi chini na mzani pembeni, kisha pitisha mstari. Wetu ulitoa hesabu hii: unyevu wa kweli = (namba ya kihisi × 1.2) + 3.4. Jaribu: 27 × 1.2 = 32.4, jumlisha 3.4 ni 35.8. Sawa na mzani. Programu nyingi za simu zina sehemu ya kuingiza namba hizi mbili. Kama yako haina, bandika jedwali dogo kwenye mlango wa pampu.

Tafadhali usinakili hesabu hii ya Arumeru ukaipeleka Ilula au Bagamoyo. Ni ya udongo ule na kihisi kile tu.

Hatua ya 6: Jua udongo wako unashiba wapi

Hata ukiwa na namba sahihi, bado lazima ujue maana yake. Mwagilia sehemu ndogo karibu na kihisi hadi maji yaenee vizuri, funika kwa nailoni ili jua lisinyonye, na usubiri siku moja hadi mbili maji ya ziada yashuke. Mfinyanzi mpe siku tatu. Namba utakayoisoma hapo ndiyo kiwango cha udongo wako kushiba.

Halafu acha ukauke taratibu ukiangalia mchoro kila siku. Mwanzoni namba inashuka vizuri kila mchana kwa sababu mmea unakunywa. Ikifika mahali mshuko wa kila siku unapungua ingawa jua ni lilelile, mmea umeanza kupata shida. Anza kumwagilia kabla ya kufika hapo.

Kwa yule binti, kushiba kulikuwa kihisi 29, yaani 38 ya kweli. Tukapanga pampu iwake kihisi kikifika 23, yaani 31 ya kweli. Sasa rudi kwenye ushauri wangu wa kwanza: iwake chini ya 30. Kwa kihisi chake, 30 ilikuwa zaidi ya kushiba. Nilimwambia amwagilie udongo ulioshiba, kila siku, wiki tatu mfululizo.

Na hapa kuna habari njema kwa asiye na oveni wala mzani: hata usipofanya hatua ya 4 na ya 5, ukijua namba ya kushiba na namba ya kuanza shida kwa kihisi chako mwenyewe, unaweza kumwagilia vizuri. Usiseme "asilimia" tu, sema "kihisi changu kinashiba 29". Ila hatua ya 2 huna ruhusa ya kuiruka.

Joto na mbolea navyo vinadanganya

Ukiona namba inapanda saa 8 mchana na kushuka usiku bila mvua wala pampu, hayo siyo maji, ni joto la udongo na la kifaa. Soma na ulinganishe saa ileile kila siku. Mimi napendekeza saa 12 hadi saa 1 asubuhi, kabla pampu haijawashwa. Kama kifaa kinarekodi kila dakika 15, chukua namba ya katikati ya saa nzima, usichukue moja iliyoruka.

Mbolea ukiipitisha kwenye dripu, chumvi inaongezeka na vihisi vingi husoma juu kuliko kweli kwa muda. Usifanye maamuzi siku hiyohiyo. Kama kisima chako kina magadi, rudia kipimo cha mzani katikati ya msimu, kwa sababu chumvi hujikusanya kidogo kidogo.

Kuna njia nyingine

Kuna vifaa vinavyopima kitu tofauti: nguvu ambayo mzizi unahitaji kuyavuta maji kutoka kwenye udongo. Kundi hili lina tensiomita, lile bomba la maji lenye kigae chini na geji juu, na pia Chameleon, kinachoonyesha rangi ya bluu, kijani au nyekundu, ambacho wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa wamekitumia. Faida yake ni kwamba havihitaji hesabu ya kila udongo, maana mzizi unahisi mvuto uleule popote. Lakini navyo vinataka kugusana na udongo vizuri, na tensiomita lazima ijazwe maji yasiyo na mapovu ya hewa. Inaishia kama kilopaskali 85, na huku kwetu mlimani inaishia chini ya hapo.

Ratiba ya kuanzia

Kila wiki: chimba mahali pamoja, finyanga udongo mkononi. Ukishikana na kuacha unyevu kiganjani wakati kihisi kinasema kikavu, amini mkono, kisha tafuta kosa.

Kila mwezi: kagua betri, waya, nyufa na mashimo ya panya.

Kila msimu: rudia jaribio la ndoo, na angalau kipimo kimoja cha mzani.

Yule binti alivuna msimu ule kilichobaki, akalipa sehemu ya mkopo, sehemu nyingine akaomba kusogezewa. Msimu uliofuata alihamishia nyanya upande mwingine wa shamba na ule wenye ugonjwa akapanda mahindi. Kihisi ni kilekile. Juu ya mlango wa pampu kuna karatasi yenye mwandiko wake: "Kushiba 29. Kuwasha 23. Kabla ya yote, chimba uone."

Nimeinakili kwenye daftari langu la kazi. Wewe nawe, kabla ya kumwagilia kesho asubuhi, chukua jembe dogo ukachimbe karibu na kihisi chako. Kila la heri shambani.